Nilijua Katekisimo yote, lakini sikuwa nimemwamini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita akilalamikia swali la "umeokoka?" Alisema limemchosha. Akipanda daladala, akienda msibani, hakosi mtu wa kumwuliza ameokoka lini, wakati yeye alibatizwa akiwa mtoto mchanga, amepata kipaimara, analipa ahadi yake kanisani kila mwaka na Pasaka haimpiti. Akamalizia kwamba habari za kuokoka zimeletwa juzi na makanisa ya mahema, na kwamba mtu kujiita ameokoka ni majivuno, kwa sababu anayejua nani ameokoka ni Mungu peke yake.

Barua ile niliisoma mara tatu. Kila alichokiandika ndugu huyu nilikuwa nakisema mimi, karibu kwa maneno hayo hayo, mpaka nilipofika umri wa miaka thelathini na tisa. Kwa hiyo siandiki kumshambulia. Naandika kwa sababu najua mahali alipokaa, na najua panavyokuwa usiku.

Mimi ni Mlutheri wa Muleba, mkoa wa Kagera. Nilizaliwa 1952, nikabatizwa kabla sijaota jino, nikapata kipaimara 1967. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther niliishika yote kichwani, amri, imani, sala, sakramenti, pamoja na yale majibu marefu yanayowashinda watoto wengi. Nilipokuwa mtu mzima nikachaguliwa mzee wa kanisa, kisha mhazini wa usharika. Fedha ya sadaka sikuigusa hata senti moja. Nasema hivyo kwa kuwa ndicho nilichokuwa najiambia kila siku: mimi ni mwaminifu, mahesabu ya kanisa yananyooka.

Mchana nilikuwa karani wa mzani katika chama cha msingi cha kahawa. Nieleze kazi hiyo kidogo, maana bila kuielewa barua hii haitaeleweka. Huku kwetu mkulima wa robusta anaanika kahawa uani mpaka ikauke na ganda lake, tunaiita maganda, halafu anaileta chamani kwa baiskeli au kichwani. Gunia linatundikwa kwenye ndoano ya mzani, karani anasoma, anapunguza uzito wa gunia tupu, anaandika kwenye kadi ya mkulima. Gunia tupu la katani lina kama kilo moja. Mimi nilikuwa napunguza tatu. Mkulima akileta magunia manne, mimi nimeshapata kilo nane, naye anaondoka akinishukuru. Ile ziada ilikuwa inaandikwa kwenye kadi ya shemeji yangu, na fedha tuligawana.

Nilikuwa na daftari dogo la mistari. Humo niliandika jina la kila mkulima na kilo nilizomkata, si kwa sababu ya dhamiri, ila nilihitaji kujua kiasi cha kuhamishia kwa shemeji bila vitabu vya bohari kunisuta. Misimu minne, kuanzia 1987. Majina arobaini na matatu. Wengi wao walikuwa washarika wenzangu. Jumamosi nilimkata mtu kilo zake, Jumapili nikasimama naye tukakiri pamoja: "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi."

Niliamini nini wakati ule? Ukiniuliza ningekujibu bila kubabaika, na ningekujibu kweli. Niliamini kwamba Mungu yupo. Niliamini kwamba Yesu alikufa msalabani na siku ya tatu akafufuka. Sikuwahi kulitilia shaka hata neno moja. Na hapa ndipo ninapotaka ndugu yangu anisikilize vizuri, kwa sababu lugha yetu inalionyesha jambo hili wazi sana tukiisikiliza. Kuna *kuamini kwamba*, na kuna *kumwamini*. Naamini kwamba daktari yupo hospitali ya wilaya, kwamba amesoma, kwamba ameponya watu wengi. Lakini siku nitakapolala mezani pake afungue tumbo langu ndipo nitakuwa nimemwamini. Yakobo anaandika katika sura ya pili kwamba mashetani nao waamini na kutetemeka. Imani yangu ya miaka ile ilikuwa ya namna hiyo, ila mimi hata kutetemeka sikutetemeka.

Paulo na Sila hawakumwambia yule askari wa gereza la Filipi aamini kwamba. Walimwambia, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka." Hiyo *mw* mwanzoni mwa neno ni mtu. Tunaikiri kila Jumapili na inapita midomoni kama mate.

Mwaka 1991 nilialikwa kwenye ushirika wa ndugu, ile mikutano ya Jumatano inayofanyika nyumbani kwa watu. Nilikwenda kwa heshima ya mwenyeji tu. Mzee mmoja akasimama, mzee kabisa, akasema kwamba miaka kumi na moja nyuma alihamisha mti wa mpaka hatua moja kuingia shamba la jirani yake, na kwamba siku hiyo asubuhi alikwenda na jembe akaurudisha, jirani akiwa amesimama anamwangalia. Hakulia, wala hakupaza sauti. Akakaa. Wakaimba "Tukutendereza Yesu", ule wimbo wa Kiganda ambao huku kwetu hata asiyejua Kiganda anaujua.

Hapa nimkumbushe ndugu msomaji kwamba mambo haya si ya juzi. Uamsho, yaani mwamko huu wa watu kuokoka na kuungama dhambi zao, ulianza Gahini, Rwanda, kwenye misheni ya Waanglikana, ukapita Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeshafika Bukoba, kabla sijazaliwa. Wazee wetu waliona watu wakirudisha majembe na mbuzi walioiba, wakatukanwa kwa kuitwa walokole, na hata makanisani hawakupokelewa vizuri. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 pale Dar es Salaam alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa mtu wa uamsho. Hayakuwa mahema, yalikuwa makanisa yetu haya haya yenye kengele.

Usiku ule sikulala. Ningependa kuandika kwamba nilipiga magoti, lakini sikupiga. Nilifanya hesabu. Niliwasha kibatari, nikafungua daftari, nikajumlisha kilo zote, nikaamua nizilipe kimya kimya ili nisawazishe na Mungu bila mtu kujua. Na nililipaje? Msimu ule kila aliyekuwa kwenye daftari nilimwongezea. Badala ya kumkatia kilo moja ya gunia sikukata kitu, na juu yake nikamwandikia mbili za zawadi. Niliona raha moyoni. Kila jina nililipiga mstari.

Bohari ikaonyesha upungufu. Bila shaka ingeonyesha: kilo nilizokuwa nagawa hazikuwa zangu, zilikuwa za chama, yaani za wakulima wote. Nilikuwa namwibia huyu ili nimlipe yule, na huku nikijihesabia haki mbele za Mungu. Ndugu Mhariri, sijapata kusikia mahubiri yaliyonionyesha udhaifu wa matendo ya kujitakasa kama ule upungufu ulivyonionyesha. Hata toba yangu ilikuwa na mzani wa uongo ndani yake.

Basi nikauza ng'ombe wangu mmoja na baiskeli, nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba na fedha yangu mwenyewe. Nyumba ya kwanza nilichagua ya bibi mmoja mjane, kwa sababu nilijua ni mpole na nilikuwa mwoga. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, maganda yamemjaa miguuni, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Nikamsalimu shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea kutoka kwenye daftari: mwaka fulani, kilo kadhaa, mwaka fulani, kilo kadhaa. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema:

"Mwanangu, hayo nayajua. Msimu ule wa kwanza kijana wangu alipima dukani kabla hatujaleta kwako."

Nikamwuliza, sasa mbona bibi hukusema? Ungenishtaki.

"Nilikasirika mwaka mzima. Halafu nikakusamehe. Ni siku nyingi sasa. Nilikuwa nakuona unapita pale njiani, nasema, huyu bado hajaja kuuchukua msamaha wake."

Nikamnyooshea fedha. Alifuta mikono kwenye kanga, akazipokea, akazihesabu zote mbele yangu, noti kwa noti. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo sababu ya barua hii: "Hizi nazipokea kwa kuwa ni kahawa yangu. Usije ukadhani umenilipa msamaha. Ule hauuzwi."

Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa saa moja, unapanda kilima na ziwa unaliacha nyuma. Katikati ya kilima nilikaa kwenye jiwe. Miaka ishirini na minne tangu kipaimara, nami sikuwahi kwenda kuuchukua. Nilijua upo, ningeweza hata kukutajia sura na aya. Paulo kwa Wagalatia anasema Mwana wa Mungu "ambaye alinipenda, akajitoa nafsi yake kwa ajili yangu", na mimi siku zote nilikuwa nasoma pale "yetu". Siku ile nikasoma *yangu*. Nikasema kwa Kihaya, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu: Bwana Yesu, nimekuja kuchukua. Sina cha kuleta, hata hili daftari limejaa uongo. Basi, ni hayo tu. Sikuona mwanga, sikunena kwa lugha. Nilihisi njaa, nikakumbuka sikula tangu asubuhi, nikaenda nyumbani.

Ndiyo imani iokoayo ninayoijua mimi. Ni kwenda mikono mitupu kwa mtu aliyekwisha kukusamehe na kukubali kwamba neno lake linatosha. Matunda yake nilikwisha kuyaanza vibaya, nikaja kuyaanza upya: nilikwenda kwenye bodi ya chama nikaeleza yote, ule upungufu wa bohari pamoja na mgawo wa shemeji. Kazi nilipoteza, na uhazini wa usharika niliurudisha mwenyewe. Shemeji hakusema nami miaka sita. Nyumba zile arobaini na mbili zilizobaki zilinichukua karibu miaka mitatu, maana ng'ombe alikwisha mapema na ikabidi nilime mahindi ya kuuza. Zakayo alirudisha mara nne; mimi sikuweza zaidi ya mara moja. Lakini angalia mpangilio wa habari ya Zakayo, ndugu yangu. Yesu alikuwa ameshamwita kwa jina kutoka mtini na kusema atashinda kwake, kabla Zakayo hajataja hata mbuzi mmoja wa kurudisha. Urudishaji ulifuata nyuma. Mimi nilikuwa nimeutanguliza mbele, ukanishinda.

Kuna mtu mmoja hakunisamehe. Nilimwendea mara tano. Fedha alikataa, mkono wangu alikataa, akafariki 2009 bado hatujapatana. Fedha alikuja kupokea mwanawe. Jambo hili linaniuma hata leo, na nalitaja kwa sababu wapo wanaohubiri kwamba ukiokoka mambo yote yananyooka. Mengine hayakunyooka. Ninamkabidhi mtu yule kwa Bwana wangu, na makosa niliyomtendea pia.

Neno *kukabidhi* linanirudisha kwenye lugha. Mwalimu mmoja wa shule ya Biblia alinionyesha siku moja kwamba imani, kuamini, mwaminifu, amana na hata amina ni maneno ya shina moja lililotoka Kiarabu. Amana! Kitu unachokiweka kwa mtu akutunzie. Nikafungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, nikakuta Paulo akiwa kifungoni anaandika: "Namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Kumwamini na kuweka amana yamesimama kwenye mstari mmoja. Bibi yangu mzaa mama aliwahi kuweka vikuku vyake kwa dada yake wakati wa vita vya Kagera alipokimbia. Miezi ile yote hakuwa na vikuku mkononi, alikuwa na dada tu. Alipoulizwa vikuku viko wapi alijibu bila wasiwasi, "Vipo kwa dada." Mtu akiniuliza roho yangu iko wapi nami najibu hivyo hivyo.

Sasa hapo majivuno yanatoka wapi? Kama ningesema nimeokoka kwa sababu mimi ni mzuri, ndugu yangu angekuwa na haki ya kukasirika, na Mtume Paulo angekuwa upande wake. Kwa Waefeso ameandika kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, si kwa matendo, "mtu awaye yote asije akajisifu." Anayekiri kwamba alipewa hajisifu, anashukuru. Nionavyo mimi ni vigumu zaidi kukwepa majivuno kwa yule anayesema "sijui kama nimeokoka, lakini nalipa ahadi, sikosi Pasaka." Huyo bado ana daftari. Nalijua daftari hilo.

Wala hili si jambo la Walutheri au walokole peke yao. Majirani zangu wengi ni Wakatoliki, na tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Kilutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika kuiamini kazi ya Kristo, na si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Tofauti bado zipo, sizifichi. Lakini makanisa yaliyotengana kwa jambo hili tangu siku za Luther yalisimama mahali pamoja na kusema hivyo.

Lakini upande mmoja ndugu yangu ana haki, na nataka nimtetee. Swali la *lini* halifai kuwa fimbo. Mke wangu hana tarehe. Tangu akiwa msichana mdogo alimwomba Yesu kama unavyomwomba mtu aliye chumba cha pili, na hajui siku ambayo hakumtegemea. Ndugu wa ushirika walimsumbua miaka mingi wakitaka siku na saa. Mimi ninayo siku, nakumbuka hata jiwe, na bado imani yake ni imara kuliko yangu. Ubatizo wake ndio huo huo wangu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anauishi, na mimi nilikuwa nimeutunza kwenye cheti. Na siku ambazo imani yangu imekuwa nyembamba, na zimekuwepo, hasa tulipomzika kijana wetu, nimeshikilia maneno ya yule baba katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza akakuze imani kwanza. Alimponya mtoto.

Na kuna jambo lingine linaloniumiza, ambalo msomaji wako hakuligusa. Mwaka jana mama mmoja hapa kijijini aliuza mbuzi wawili apate nauli na fedha ya "kupanda mbegu", yaani sadaka ya kuwapelekea wahubiri ili ubarikiwe, akarudi na chupa ya maji ya upako na kitambaa. Aliniambia wamemwambia imani yake inapimwa kwa ukubwa wa mbegu. Nilikaa naye kibarazani jioni nzima. Nilimwambia: mama, mimi nilikuwa karani wa mzani, naujua mzani uliochezewa ninapouona. Nikamsimulia habari ya yule bibi na ndizi zake. Alilia. Sikujua kama alilia kwa ajili ya mbuzi au kwa ajili ya lile neno "hauuzwi", na sikumwuliza.

Ndugu msomaji, sitakuuliza umeokoka lini. Lakini kama siku moja utapita Muleba, karibu kwangu. Daftari bado ninalo, liko kwenye sanduku la mbao pamoja na cheti changu cha kipaimara. Nitakufungulia usome majina yote, na kama bado unalo lako, lete nalo, tukae.

Karani mstaafu wa mzani,
Muleba, Kagera